Namhudumia mama mkwe huku moyo umejaa uchungu, je hiyo nayo ni huduma?

Swali: "Mchungaji, nina miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili. Miaka miwili iliyopita mama mkwe alipata kiharusi, upande wote wa kulia haufanyi kazi na maneno hayatoki vizuri, tunaishi naye. Naamka kabla ya wote, namsafisha, namgeuza, nambadilishia shuka, naenda kazini, nikirudi naanza upya. Mume wangu anasaidia kidogo, mawifi na mashemeji wanapiga simu tu kuuliza hali. Nilikuwa kwaya nikaacha kwa sababu ya hii hali. Juzi kiongozi wetu akanambia imani bila matendo imekufa, kwamba nimeacha kumtumikia Mungu. Iliniuma sana. Na kibaya zaidi hata hii kazi ya nyumbani naifanya kwa uchungu, wiki iliyopita usiku nilimgeuza mama kwa nguvu hadi akalia, nikaenda kujifungia bafuni nikalia na mimi. Je Mungu anaihesabu hii kuwa huduma wakati moyo wangu uko hivi? Au nitubu nirudi kwaya?"

Jibu:

Dada yangu, pole sana. Meseji yako nimeisoma mara tatu kabla ya kuanza kuandika na kila nikifika pale bafuni nasimama. Nikikuelewa vizuri una swali la juu na swali la chini. La juu ni kama hiyo kazi ya chumbani kwa mama inaitwa huduma kweli, au huduma ni ile ya kanisani tu. La chini, na nadhani hilo ndo linakunyima usingizi, ni kama Mungu anaweza kupokea kitu kinachotoka kwa mtu aliyechoka na kukasirika. Nitayajibu yote mawili ila acha nianze na huo mstari uliotupiwa, manake umetumika vibaya.

Fungua Yakobo 2, usisome ule mstari wa 17 peke yake, anza wa 14 ushuke nao taratibu. Utakuta kabla Yakobo hajasema imani isiyo na matendo imekufa anatoa mfano, na mfano wenyewe ni wa ndugu asiye na nguo na aliyepungukiwa chakula cha siku, alafu mwenzake anamwambia nenda kwa amani ukaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Basi. Matendo anayoyazungumzia Yakobo pale ni mwili wa mtu unaosikia baridi na njaa na mtu mwingine anayeufunika na kuulisha. Sasa ukiuchukua mstari huo ukamchapa nao mtu anayeamka alfajiri kumsafisha mgonjwa asiyeweza kujisafisha, umeugeuza kichwa chini miguu juu. Simsemi vibaya kiongozi wako, inawezekana kabisa amekukosa kwenye sauti yenu na hakujua namna nyingine ya kusema tumekumiss, ila maneno yake hayakuwa sahihi na hupaswi kuyabeba.

Tatizo hili limetoka mbali kidogo, liko hata kwenye lugha yetu ya kanisani. Neno mtumishi tumelifanya cheo cha mtu mwenye maikrofoni. Tukisema fulani anatumika tunamaanisha anaimba, anahubiri, anaongoza ibada. Lakini angalia Matendo 6. Kule Yerusalemu wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani wale wanaosema Kigiriki, walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku, manung'uniko yakaanza, na Biblia yetu inauita mgao ule huduma ya kila siku. Mistari michache mbele mitume wanasema wao watadumu katika kuomba na kulihudumia lile Neno. Kwa Kigiriki ni neno lilelile pande zote mbili, diakonia, la kugawa chakula na la kuhubiri. Luka, mwandishi wa kitabu hicho cha Matendo, angeweza kutafuta neno zito zaidi kwa wahubiri na neno jepesi kwa wanaogawa chakula, hakufanya hivyo. Na Fibi, yule anayetajwa Warumi 16, Paulo anamwita mhudumu wa kanisa la Kenkrea kwa neno la ukoo huohuo.

Mimi kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuzungukia wodi. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kwa mzee mmoja nikiwa na Biblia mkononi, nikamuuliza kama tunaweza kuomba, akageuzia uso ukutani. Nikadhani anamkataa Mungu. Nesi aliyekuwa anapanga dawa pembeni hakunambia chochote, akachovya kipande cha pamba kwenye maji akanipa, akanionyesha midomo ya yule mzee. Ilikuwa imekauka na kupasuka hadi ina damu, hakuweza kufungua mdomo kujibu. Nikamlowanisha taratibu, nikachovya tena, nikarudia, labda dakika tano hivi. Kisha mzee akasema kwa sauti ndogo, "Sasa omba." Tangu siku hiyo sijawahi kuona tofauti kubwa kati ya ile pamba na ile sala.

Kuna jambo jingine ambalo naomba ulisikie vizuri kwa sababu ya hiyo hatia unayoibeba. Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliokuwa wanasema mali yao ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, kwa hiyo wazazi wao wasitegemee kupata kitu. Walikuwa wanamtumia Mungu kama kisingizio cha kutowatunza waliowazaa. Na Paulo kwenye 1 Timotheo 5 ni mkali kuliko sisi wote, anasema mtu asiyewatunza walio wake ameikana imani. Kwa hiyo kama wewe ungekuwa unaimba kila Jumapili na mama amelala kwenye mkojo hadi ibada iishe, hapo ndo ningekuwa na wasiwasi na imani yako. Mawifi na mashemeji wanaopiga simu tu, mistari hii inawahusu na wao, nitarudi kwao.

Sasa lile swali la chini. Unauliza Mungu anaihesabu? Hilo neno kuhesabu ndo lina shida kidogo, kwa sababu nyuma yake kuna wazo kwamba Mungu ana daftari, kila ukibadilisha shuka anaweka alama, na ukibadilisha kwa hasira anafuta. Waefeso 2 inaweka mpangilio tofauti kabisa, mstari wa 8 na wa 9 unasema tumeokolewa kwa neema, sio kwa matendo mtu asije akajisifu, alafu wa 10 unasema tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Kwanza unapendwa, kisha unatenda. Jambo hili liliwagawa Wakristo kwa karne kadhaa, na tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walikaa Augsburg, Ujerumani, wakatia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu na kwamba matendo mema ni matunda ya kukubaliwa huko. Matunda, dada. Mti hauzai ili uwe mti. Wewe usiku ule bafuni, na machozi yako na hasira yako, ulikuwa umeshapendwa tayari, na kesho yake ulivyoamka ukamsafisha mama tena hukuwa unalipa deni.

Je uchungu unaharibu kazi? Kumbuka mfano wa wana wawili kwenye Mathayo 21. Baba anawatuma shambani, mmoja anasema naenda na haendi, mwingine anasema sitaki, alafu baadaye anabadilika anaenda. Yesu anauliza nani aliyefanya mapenzi ya baba, na jibu ni yule aliyesema sitaki akaenda. Wewe kila asubuhi moyo unasema sitaki na miguu inaenda. Karne ya 17 kulikuwa na mtawa mmoja wa shirika la Wakarmeli huko Paris, Ndugu Lawrence, aliyefariki mwaka 1691, watu wanamkumbuka kwa sababu alisema hakuona tofauti kati ya muda wa sala na muda wa kazi, alikuwa na Mungu katikati ya kelele za jikoni sawasawa na akiwa amepiga magoti. Wengi wanamsimulia kana kwamba alizaliwa anapenda sufuria. Hapana, kazi ya jikoni kwa asili yake alikuwa haipendi kabisa, akaifanya miaka mingi. Upendo wa Kikristo unaanza na kutenda mema kwa mtu, hisia wakati mwingine zinafuata nyuma, wakati mwingine zinachelewa sana, na kuna siku haziji.

Ila sitaki kukudanganya kwamba uchungu ni kitu cha kupuuza. Uchungu ni kama taa nyekundu kwenye gari, haisemi wewe ni dereva mbaya, inasema kuna kitu kimepungua simama uangalie. Na ukiangalia maisha yako kama ulivyoyaeleza kilichopungua kiko wazi, umekuwa mtoaji tu kwa miaka miwili na hakuna anayekupa wewe. Binadamu hakuumbwa hivyo. Eliya nabii mkubwa, aliyeita moto ushuke mlimani, 1 Wafalme 19 anakimbilia jangwani anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Na Mungu hakumhubiria. Malaika alimgusa akampa mkate na maji, akala akalala tena, akaguswa mara ya pili akala tena, ndo safari ikaanza, na mazungumzo marefu na Mungu yalikuja baadaye kabisa. Usingizi na chakula vilikuja kwanza. Mtu asiyelala usiku hata awe mtakatifu hasira yake inakuwa karibu na mkono wake, mwili ndivyo ulivyo, ukikosa usingizi uvumilivu ndo unaoondoka mapema.

Na hapa ndo nataka nikae kidogo kwa sababu naona ndo kiini cha shida yako. Sote tunajua Yohana 13, Yesu anavua mavazi, anajifunga kitambaa, anawatawadha wanafunzi miguu. Tunaihubiri sana. Tunachosahau ni sura iliyotangulia, siku sita kabla ya Pasaka, Yesu yuko Bethania mezani pamoja na Lazaro, na Mariamu anaimwagia miguu yake marhamu ya thamani na kuifuta kwa nywele zake. Yuda analalamika, Yesu anasema mwache. Yaani wiki ileile aliyoosha miguu ya wengine, miguu yake ilikuwa imehudumiwa na akakubali, hakuona aibu, hakusema hapana mimi ndo mtumishi hapa. Alimwomba maji mwanamke Msamaria kisimani. Luka 8 inataja wanawake waliomhudumia kwa mali zao. Alilala kwenye mashua akiwa na mto wakati wengine wanaiendesha. Na Petro alipokataa kutawadhwa, akajibiwa kwamba asipotawadhwa hana shirika naye. Kumbe kukataa kuhudumiwa nako kunaweza kukuweka mbali na Bwana. Kwa hiyo swali langu kwako sio kama unahudumu vya kutosha. Nani anakuosha miguu wewe?

Tuje kwenye usiku ule. Ulimgeuza mama kwa nguvu akalia. Sitasema ni kitu kidogo, kwa sababu yeye hawezi kujitetea, na wewe mwenyewe unajua ndo maana ulilia. Mwombe msamaha. Kaa kitandani upande wa kushoto, ule anaohisi vizuri, umshike mkono umwambie kwa maneno ya kawaida mama usiku ule nilikuumiza, nilikuwa nimechoka, nisamehe. Maneno yake hayatoki lakini kuelewa anaweza kuwa anaelewa mengi kuliko unavyodhani. Alafu mpe nafasi akujibu kwa mkono, kwa macho, kwa namna yoyote, usikimbie. Naye amekaa miaka miwili anapokea tu na hilo linamuumiza mzazi. Kumwacha akusamehe ni kumpa kitu cha kutoa, na ukitaka mpe zaidi, aweke mkono wa kushoto kichwani kwa watoto wako awabariki kabla hawajalala.

Na kumgeuza kwenyewe kuna namna isiyohitaji nguvu. Mwambie kwanza unataka kufanya nini, usimguse ghafla gizani. Akiwa chali na unataka ageukie kwako, kunja goti lake la upande ulio mbali na wewe, mkono wa upande huo uweke taratibu juu ya kifua, alafu weka kiganja chako kimoja nyuma ya bega na kingine nyonga umvutie kwako, goti lile lililokunjwa linakusaidia kubeba uzito. Usivute kabisa ule mkono uliopooza, bega la mtu wa kiharusi linaumia na kuteguka kirahisi, huenda hicho ndo kilimliza. Weka mto nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti. Kwa mtu asiyejigeuza kawaida wanashauri kila baada ya saa mbili hivi, lakini muulize nesi kama kwa hali ya mama na godoro mlilo nalo usiku mnaweza kuongeza muda, kwa sababu huo usingizi wako ni sehemu ya matibabu yake.

Sasa kugawana mzigo. Watu wa wale wajane wa Matendo 6 walinung'unika na mitume hawakuwakemea, waliona kuna kitu hakijapangwa vizuri wakachagua watu saba. Yethro alimkuta mkwewe Musa anaamua kesi za watu peke yake toka asubuhi hadi jioni akamwambia wazi hili unalofanya sio jema, utachoka wewe na hawa watu pia. Kwa hiyo kusema nimezidiwa sio kukosa imani. Ila namna ya kusema ina maana. Ukiwaambia mawifi jamani nisaidieni watakujibu pole dada tunakuombea, kwa sababu msaada usio na jina hakuna anayejua pa kuushika. Mwambie mume wako kwanza, mkae wawili mama akiwa amelala, na umwombe vitu vinavyohesabika, zamu ya usiku siku tatu za wiki ni zako, kumpeleka kliniki ni kwako. Na ndugu zake aongee nao yeye, ni mama yake, sio sawa wewe ndo uonekane unadai. Mmoja anaweza kuja wikiendi moja kwa mwezi, aliye mbali atume hela ya kumlipa msaidizi. Wengine watakataa, nakuambia ukweli, na hilo litauma, lakini angalau utajua una watu wangapi badala ya kuendelea kusubiri.

Kama kuna uwezo wa kumlipa mtu, au siku moja ikabidi mama apelekwe sehemu ya kutunzwa, usije ukafikiri umeshindwa kama Mkristo. Yule Msamaria mwema alimfunga majeraha yule mtu, akampandisha kwenye mnyama wake, akalala naye nyumba ya wageni usiku mmoja, na kesho yake akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba, akasema mtunze, nikirudi nitalipa kitakachozidi. Alafu akaendelea na safari yake. Na Yesu akasema nenda ukafanye vivyo hivyo. Mtu aliyemkabidhi mgonjwa kwa mwingine na kurudi kuangalia bado ni jirani. Gharama ipo, sio ya hela tu, mama anaweza kuogopa mikono asiyoijua na wewe unaweza kujisikia vibaya wiki za kwanza, hivyo mjaribu kidogokidogo mkiwepo wote.

Kuhusu kwaya, kurudi kwa aibu nakushauri usirudi. Utaimba ukiwa na hasira na kiongozi na hasira na mama. Lakini kama kuimba kulikuwa kunakupumzisha, na kwa jinsi ulivyoandika nahisi ndivyo, basi mtu mmoja akae na mama ile jioni ya mazoezi na wewe uende, hata mara mbili kwa mwezi. Uende kama mtu anayeenda kupokea.

Kuna mambo ambayo barua kama hii haitoshi. Kama huzuni hii imekaa wiki mbili au zaidi karibu kila siku, kama hata ukipata nafasi ya kulala usingizi hauji, kama hakuna kitu kinachokufurahisha, nenda kamuone daktari umweleze kama ulivyonieleza mimi, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inatibika na kuitibu sio kumdharau Mungu. Kama umewahi kufikiria kujidhuru au umeona mkono wako unataka kumuumiza mama tena, usisubiri, toka chumbani, mwamshe mume wako, na siku hiyohiyo muende hospitali au kwa mtu wa karibu mnayemwamini. Kwa upande wa mama, akianza kukabwa anapokunywa maji mpelekeni akaangaliwe namna anavyomeza. Ukiona sehemu ya ngozi mgongoni, nyongani au kisiginoni imebadilika rangi na ukibonyeza rangi hiyo haififii, mwite nesi mapema, na kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu tu, tafuta palipozidi weusi, pana joto au pamekuwa pagumu. Na mdomo ukipinda upya au upande mwingine ukilegea ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo. Mchungaji wako pia aje nyumbani, umwombe aje, aone chumba chenyewe.

Kitu cha mwisho, nimekiona mwenyewe wodini na madaktari wa magonjwa ya ubongo wanakijua pia, kuna watu kiharusi kimewachukua maneno lakini bado wanaweza kuimba maneno yale ambayo hawawezi kuyasema. Sio wote, ila wapo. Kwa hiyo kiongozi wako akipiga simu tena usibishane naye, mwambie aje Jumamosi na wenzako wawili watatu wa sauti yenu, wasije wengi mama akachoka. Mmoja wao akusaidie kubadilisha shuka kwanza. Alafu waanze wimbo ambao mama aliujua tangu akiwa msichana, polepole, wasimkazie macho, na wewe ukae kwenye kiti usifanye chochote, uwasikilize.